Bafu Tulilolijenga Bila Kuonana

Nyumba niliyopewa Ihanja, nilipokuwa mwalimu kijana katika miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, ilijengwa zamani za Waingereza kwa ajili ya karani wa mnada wa ng'ombe. Mnada ukahamishwa, karani akaondoka, nyumba ikabaki. Ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza, na nyuma, mkabala na mlango wa jikoni, lilisimama bafu la tofali za kuchoma. Walimu wenzangu waliokaa kwenye nyumba za udongo walinionea wivu kwa ajili ya bafu hilo, mpaka siku walipoliona.

Sakafu yake ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi, na katikati ilibonyea, hata maji ya kuoga ya juzi yalikuwa bado yapo leo. Kuta ziliwahi kupakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kifua, ile rangi ya majengo ya serikali, lakini ilikuwa imebanduka na mahali pake pameota ukungu mweusi. Mabati yalikuwa na matundu. Mlango ulishaliwa na mchwa, na mwalimu aliyenitangulia alikuwa ametundika gunia. Upepo wa kwetu Singida haujui kupumzika, kwa hiyo mtu akioga alishika sabuni kwa mkono mmoja na gunia kwa mkono wa pili. Vyura ndio waliokuwa wenyeji. Sisi tuliingia kama wageni wao.

Mimi sikujali. Nilizaliwa upande wa Kiomboi, nikakulia kuoga kijitoni pamoja na mbuzi, na nikiwa kapera bafu lile lilinitosha. Nilipooa, mke wangu alilichungulia mara moja tu. Jioni hiyo alichukua karai akaogea chumbani, na tangu hapo hakulitaja tena. Nilidhani ni mwanamke asiyependa makuu. Kumbe alikuwa anasubiri.

Alisubiri mpaka mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa. Tulikuwa tumekaa kibarazani, yeye anachambua mboga ya mlenda, mimi nasahihisha madaftari ya hesabu.

"Mwalimu," aliniambia, "mama atakuja kunipokea mtoto. Atakaa nasi mpaka nipate nguvu. Ataoga wapi?"

Nikamjibu kwamba bafu lipo.

Aliendelea kuchambua mboga yake, na nilivyokuwa nikimtazama, maana ya swali lake ikanishukia taratibu, jasho likanitoka.

Wasiojua mambo ya wakwe siku zile niwaeleze. Mtu na mama wa mke wake hawakupeana mkono. Hawakula pamoja wala kukaa chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja alipinda akapita vichakani. Tangu nilipooa nilikuwa nimemwona mama mkwe wangu kwa mbali tu, kule kwao Mgori, na tena kwa mgongo: khanga mbili zinazotembea. Sasa mtu huyo aje aoge nyuma ya gunia linalopeperuka, katika ua ambao mimi mwenyewe napita kila nikienda chooni. Ningelazimika kuhamia shuleni.

Tena si kuoga kwake tu. Mzazi wa kwetu hukandwa. Anawekwa akae, anamwagiwa maji ya moto yanayokaribia kumbabua, na mama yake anamkanda tumbo na kiuno kwa kitambaa, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi mahali pake. Kazi hiyo inataka mahali pakavu, pasafi, pasipo macho ya watu. Mke wangu alisema neno moja tu zaidi. Alisema mama yake hatamkanda kwenye banda la vyura.

Basi nikaamua kulitengeneza, tena mwenyewe. Fundi mwashi alikuwa mmoja tu jirani, naye alikuwa kwenye ujenzi wa ghala la kijiji. Saruji ilikuwa adimu. Ikifika, ilikwenda kwenye ghala na zahanati, na hiyo ilikuwa haki yake. Mshahara wangu nao ulikuwa wa mwalimu. Nilichokuwa nacho ni mikono, sururu ya shule, na ile imani ya mtu ambaye hajawahi kujenga kitu.

Nafasi ilipatikana nilipotumwa mjini Singida kufuata chaki na vitabu. Nilipomaliza ya shule nikaingia kwenye duka moja la Wahindi, la mzee na mkewe, ambao walikuwa pale kabla sijazaliwa. Mzee alizungumza Kinyaturu kizuri kuliko changu, maana mimi Mnyiramba nilikuwa bado naazima kwa mke wangu. Nilimwamkia, nikauliza saruji. Alicheka kwa huruma. Hakuwa nayo, wala hakumjua mwenye nayo. Halafu akakumbuka mfuko mmoja uliolowa mvua pembeni, umeshika nusu, na hakuna fundi aliyeutaka. Nikasema mimi si fundi, kwa hiyo nautaka. Akanipa kwa bei ya kutupa.

Tulipokwenda stoo kuutoa, nikaona sanduku kubwa la mbao limejaa vyombo vilivyovunjika. Vikombe, sahani, mabakuli, vyote vigae vitupu. Mzee alieleza kwamba sanduku liliangushwa njiani, na kwamba ameshindwa kulitupa kwa sababu mkewe hataki. Mkewe, mama mnene wa sari ya kijani, akatoka jikoni akaniuliza saruji ni ya nini. Nikamweleza habari za bafu na mama mkwe. Alisikiliza yote, kisha akachuchumaa pale pale stoo, akaanza kupanga vigae sakafuni: cheupe, cha bluu, chenye ua, cheupe. Alisema nyumbani kwa bibi yake ua wote ulikuwa hivyo, na mvua ikinyesha ulikuwa kama umevaa nguo mpya.

"Kila kigae usugue kingo juu ya jiwe kwanza," aliniambia. "Ukiacha hata kimoja, mama mkwe atakatwa mguu, na wewe utakosa mke."

Akanipa sanduku zima, na mbao zake. Nilirudi Ihanja juu ya lori, nimekaa juu ya vigae, na abiria wenzangu wakaniuliza mwalimu amenunua nini kinacholia hivyo. Nikawaambia ni sakafu. Hawakuniuliza tena.

Kazi ilianza kwa kubomoa, na kubomoa nilikuweza. Kila jioni baada ya shule, na siku ambazo si zamu yangu kwenye shamba la kijiji, nilivua shati nikachimba. Niling'oa sakafu ile yote, vyura wakahama kwa hasira. Nikachimba mfereji wa kutolea maji hadi nje ya ua, nikajaza kokoto chini. Kokoto si tatizo Singida. Mungu alipomaliza kuumba mawe mahali pengine, yaliyobaki aliyamwaga kwetu. Wenzangu watatu wa shule wakanisaidia kuvingirisha jiwe moja pana, laini kwa juu kama kiti, tukalizika nusu katikati ya bafu liwe la mzazi kukalia. Kuta nikazisugua kwa brashi ya nyuzi za mkonge mpaka ukungu ukaisha. Yalibaki mabati, mlango, sakafu, rangi, yaani karibu kila kitu, na mgeni tulimtegemea mwezi uliofuata.

Jumamosi moja nilikuwa juu ya ukuta, tumbo wazi, matope mpaka kwenye nyusi, nateremsha bati la mwisho. Kutoka kule juu nikaona mwanamke anashuka kutoka barabara kuu, mzigo kichwani, kwa mwendo wa mtu asiyehitaji kuulizia njia. Khanga mbili. Nikamjua mara moja. Baadaye nilisikia kwamba aliota ndoto kuhusu binti yake, akadamka, akapanda lori la kwanza.

Mwanamume mwenye akili angerukia upande wa nje akakimbilia shuleni. Mimi nilirukia ndani.

Nikajikuta bafuni, hakuna paa, hakuna mlango. Hata gunia nilikuwa nimelitoa kubebea mchanga. Mbele yangu, mkabala kabisa, ulikuwa mlango wa jikoni, na hapo hapo mlangoni mama mkwe alitua mzigo, akaletewa kigoda, akakaa. Nikajibana kwenye kona, mgongo ukutani, jua la mchana likinipiga utosini. Mke wangu aliamini nimekwenda kuchota mchanga. Wakaanza kuzungumza.

Nilisikia yote. Mama aliuliza juu ya mimba, juu ya usingizi, juu ya miguu kuvimba. Halafu akauliza juu yangu. Anakunywa? Kidogo, sikukuu. Ana mkono mwepesi? Hapana, hajawahi. Anachota maji? Hapo mke wangu akasema siku hizi anachota. Ana akili? Mke wangu akasema watu wanasema anazo, lakini sasa hivi amebomoa bafu. Nilitamani kuikata pua yangu iliyokuwa inawasha kwa vumbi.

Kisha nikasikia mama mkwe akisema safari ilikuwa ya vumbi, angependa kujimwagia maji kidogo, na je, bafu ndilo lile pale? Nikasikia kigoda kikisogea.

Nikakohoa.

Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake aligeuza uso papo hapo kuelekea ukuta wa jikoni, akajitanda khanga hadi machoni, kisha akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya utulivu kabisa:

"Mwambie fundi aliyemo bafuni kwamba mimi naingia ndani kulala. Nikiamka, najua atakuwa ameshakwenda kwake."

Akaingia ndani. Nikatoka kama mwizi. Mke wangu alikuwa ameshika nguzo ya jikoni kwa mikono yote miwili, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka, hata nikaogopa mtoto atazaliwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo mimi nikawa fundi. Mama mkwe hakunitaja kwa jina lingine. Kwa kuniita hivyo alikuwa amenisitiri: mkwe wake hakuwahi kuonekana tumbo wazi bafuni, aliyeonekana ni kibarua fulani tu. Nilimshukuru moyoni, nikahamishia kitanda changu kwenye chumba cha mwalimu mwenzangu jirani, nikawa nakuja nyumbani kwa kukohoa tangu mbali.

Nilidhani kazi ya bafu itasimama, maana nisingeweza kuwa uani naye yumo. Jumatatu alfajiri, wangali wamelala, nilianza kupanga sehemu ndogo ya sakafu kwenye kona ya mbali, kisha nikaenda shule. Nilikuwa nimepanga vigae kwa mistari iliyonyooka, vyeupe kwa vyeupe, kama ubao wa mwandiko wa darasa la kwanza. Mchana niliporudi, wanawake walikuwa wamekwenda kisimani. Nikachungulia. Mistari yangu ilikuwa inakuja vizuri kutoka ukutani, halafu ghafla inapinda. Mtu alikuwa ameiendeleza. Ilipinda kama nyayo za ng'ombe wanaozunguka kichuguu, ikalizunguka lile jiwe la kukalia, na karibu na jiwe palikuwa na vigae vya bluu peke yake, vimepangwa mviringo, kingo zake zimesuguliwa laini kuliko zangu.

Kwanza nilikasirika. Mistari ile niliipima kwa kamba. Nikakaa juu ya jiwe nikaangalia chini, nikitafuta kosa. Upepo ulikuwa unapita juu, jua linaingia wazi, na vile vya bluu vilikuwa vinametameta kunizunguka miguuni. Nikaona kwamba mtu akikaa hapo atajisikia amekaa katikati ya kitu. Kwa mistari yangu angejisikia amekaa darasani.

Sikumwambia mke wangu lolote. Nilichambua vigae vyote vya bluu vilivyobaki sandukuni, nikaviweka rundo moja safi karibu na jiwe, nikachekecha saruji ya kesho, nikaifunika. Asubuhi nikaenda shule. Niliporudi, mviringo ulikuwa umeongezeka, na kwenye kona yangu mtu alikuwa ameniachia rundo la vyeupe vilivyokwisha kusuguliwa.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi asubuhi kabla ya shule na jioni wakiwa kisimani, mama mkwe katikati ya mchana. Hatukuonana hata mara moja. Tulizungumza kwa vigae, na pale vigae viliposhindwa, kwa mdomo wa mke wangu, ambaye aligeuka mkalimani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa. Mama akiwa jikoni angesema, "Mwambie fundi mteremko wa maji uko mdogo," na mimi nikiwa nyuma ya ukuta nimeshasikia, lakini ningesubiri mke wangu atoke, anirudie maneno yale yale, nami nijibu, arudi nayo. Yeye alifurahi sana kuliko sisi. Kuna siku alianza kuongeza yake. Aliniambia mama anasema fundi apunguziwe ugali mpaka amalize mlango, na kutoka ndani nikasikia sauti ikikanusha kwa haraka, kisha kicheko kilichozibwa kwa khanga.

Si kwamba kila alilosema mama mkwe lilikuwa sawa. Matundu ya mabati nilitaka kuyaziba kwa vipande vya debe. Yeye alikuja na donge la nta ya nyuki kutoka msitu wa Mgori, akatuma neno kwamba kwao mizinga na vibuyu vyote huzibwa kwa nta, na maji hayapiti. Nikaipaka nta kila tundu, kwa heshima, nikayarudisha mabati juu. Kesho yake jua lilipowaka, nilikuwa chini naweka kigae, tone la nta likaniangukia shingoni, na jingine, na jingine. Nilitoka mbio. Mkalimani alipeleka habari ndani. Jibu likaja: mwambie fundi kwamba mizinga hukaa kivulini. Hivyo ndivyo alivyokiri kosa, na sikudai zaidi. Nikayageuza mabati, nikayapandanisha ili tundu la moja lifunikwe na sehemu nzima ya jingine. Yalitosha karibu bafu lote, ila upande wa mwisho ikabaki nafasi wazi ya upana wa mlango. Mke wangu akakataa isizibwe. Alisema akioga anataka kuona mawingu.

Mlango nilitengeneza kwa mbao za sanduku la vyombo, na bawaba zake zilikuwa vipande vya tairi la gari. Haukuwahi kulia wala kushika kutu. Kwa mwanga, nilitoboa ukuta sehemu mbalimbali nikapachika chupa tupu za wino kutoka shuleni, matako yakiwa nje, na jua la asubuhi liliingia kwa vidoa vya mviringo ukutani. Mama mkwe akazikubali zote, lakini siku iliyofuata nikakuta moja imeteremshwa na kupachikwa chini zaidi, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kuelekea njia ya shule. Nikauliza sababu. Mke wangu alisema mama anataka awe anaona kivuli cha fundi kikitokea mbali, ili apate muda wa kujifunga khanga.

Kuta tulizipaka chokaa iliyotiwa chumvi ili isibanduke kwa kuguswa. Mimi nilipaka, na chini, mahali palipokuwa na rangi ya serikali, mama mkwe akazungusha mkanda wa udongo mwekundu, akauchora kwa vidole vinne mawimbi mafupi mafupi. Alama za vidole vyake zilibaki pale ukutani. Siku moja niliweka vidole vyangu juu yake, nikaona mkono wake ni mdogo sana.

Habari ilikuwa imeshaenea. Balozi wa nyumba kumi alikuja akiwa na uso wa kazi. Alisema kumesikika maneno kwamba mwalimu anajijengea bafu la kibwanyenye, kwa saruji, wakati ghala halijaisha. Sikubishana naye. Nilimwonyesha mfuko uliolowa, vigae, mbao za sanduku na tairi. Akaingia ndani, akakaa juu ya jiwe, akaangalia juu, akaangalia chini, akakaa muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji. Alipotoka alitaka kujua kama akija Ijumaa na sabuni yake mwenyewe itakuwa vibaya. Nikamjibu kwamba ujamaa hauishii mlangoni mwa bafu. Ijumaa akaja, na alivyotoka alikuwa anaimba.

Wiki iliyofuata, mkewe alikuja kumwomba mama mkwe akamwonyeshe mambo ya mkanda mwekundu. Kisha jirani mwingine. Wanawake wakaanza kutunza vyombo vilivyovunjika badala ya kuvitupa jalalani, na ikasemwa kwa utani kwamba Ihanja siku hizi mtoto akivunja sahani anaulizwa kwanza ilikuwa ya rangi gani.

Mtoto wetu alizaliwa mvua za kwanza zilipokwisha kushika, asubuhi, kwenye zahanati. Msichana. Nilikuwa darasani nafundisha hesabu za mafungu ya kumi, mwenzangu akatokea dirishani akaniambia kwa ishara ya mikono kama anayebeba kitu kidogo na kukipembeza, na wanafunzi wakaelewa kabla yangu, wakashangilia. Jioni walirudi nyumbani, mama mkwe mbele na mtoto, mke wangu nyuma yake taratibu, na mimi nyuma kabisa, kwa umbali unaostahili, nimebeba vyombo.

Kazi yangu ikawa maji. Nilichota, nilikata kuni, nilichemsha kwenye debe uani, nikapeleka ndoo mpaka mlangoni mwa bafu, nikagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, nikaondoka. Kutoka ndani ungesikia kugongwa mara moja: imepokelewa. Nami nikakaa mbali kwenye kibaraza, nikasikia maji yakimwagwa, mke wangu akilalamika kwamba yanaunguza, mama yake akimwambia kwamba lazima yaunguze, halafu baada ya muda wote wawili wakicheka juu ya jambo ambalo sikulijua. Maji yalitoka kwa mfereji yakaenda kwenye mipapai niliyopanda nje ya ua, mvuke ukapanda kupitia ile nafasi ya mawingu. Nilikuwa kijana na sikuwa na kitu, na nilikuwa na furaha ambayo haikuenea kifuani.

Siku moja, mtoto akiwa ameshaanza kushika shingo, nilipeleka ndoo kama kawaida. Nikagonga. Badala ya kugongwa, sauti ikatoka ndani, ya mama mkwe, kwa Kiswahili, bila mkalimani:

"Baba, niletee ya baridi upesi, haya yatamchoma mtoto."

Nikakimbia, nikachota kwenye mtungi, nikarudi, nikasema, "Haya hapa, mama." Mlango wa mbao za sanduku ukafunguka kidogo, mkono mdogo ukatoka, ukachukua kata, ukarudi ndani. Tulikuwa tumeshazungumza kabla yeyote hajakumbuka kwamba haturuhusiwi. Kilichotukumbusha ni mke wangu, ambaye huko ndani alianza kucheka mpaka mtoto naye akashtuka akalia.

Wazee wangesema tumevunja mwiko, na labda mbuzi angetakiwa. Mama mkwe hakutaka mbuzi. Alituma neno, safari hii kwa binti yake kama zamani, kwamba mlango ukiwa katikati si kuonana. Na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na ndiye aliyetoa hukumu, nikaifuata. Kila asubuhi nilipoleta maji nilisema nikiwa nje, "Shikamoo, mama," na kutoka ndani ikaja, "Marahaba, baba. Umeamkaje?" Tukaulizana habari za mvua, za shule, za mtoto alivyolala. Mambo mengi ninayoyajua juu ya kulea nilifundishwa nimesimama mbele ya mlango uliofungwa, ndoo mkononi.

Alipokuwa anaondoka, mke wangu akiwa na nguvu kama mwanzo, tulimtafutia nafasi kwenye lori la ushirika lililokuwa likienda mjini na mbegu. Mizigo yake ilikwishapandishwa, na watu walikuwa wamejaa nje kumuaga, kwa sababu kwa miezi hiyo michache alikuwa amegusa mabafu ya nusu ya kitongoji. Yeye mwenyewe hakuonekana. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Akashuka, akaja hadi uani akiwa amekunja uso, akaniuliza abiria yuko wapi, safari ni ndefu.

Mvuke ulikuwa unatoka juu ya mabati, na ndani mtu alikuwa anaimba wimbo wa Kinyaturu wa kutwanga mtama, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Mke wangu alinitazama, akasubiri nigonge.

Nikamwambia dereva akae kibarazani, nitamletea uji, maana mama anaoga.